Mbu Ishirini na Sita na Sinia Moja

Jumapili, 3 Agosti

Nimefika. Mgongo umekufa ganzi, kiatu cha kushoto kimeachama, lakini nimefika. Dada alinipokea getini, akanikumbatia, halafu papo hapo akaniuliza nimekuja kufanya nini. Nikamwambia nimekuja kumsalimia tu. Akanitazama kama mtu anayechunga maziwa jikoni. Amenizidi miaka miwili na mpaka leo ananiita wewe mtoto. Nina miaka arobaini na tatu!

Mji wenyewe ni barabara moja, maduka matatu, shule, na Sinia. Sinia ndilo kila kitu. Ni darubini, ila si ya kuchungulia kwa jicho. Ni dishi jeupe, kubwa kuliko uwanja wa mpira, limelala chali huko uwandani likisikiliza nyota. Kumbe nyota zinatoa mawimbi ya redio! Hafifu mno, anasema dada, hata cheche moja ya plagi inayafunika. Ndiyo maana mji mzima umenyamazishwa. Simu hakuna. Redio hakuna. Magari ni ya dizeli tu. Jiko la gesi wanaliwasha kwa njiti ya kiberiti, vile viwashio vya kubofya ni marufuku. Kitu chochote kinacholisumbua Sinia wanakiita kelele, hata kama sikio la mtu halisikii kitu.

Getini pana kabati la vishubaka ambamo simu za wageni zinalazwa. Mlinzi ana daftari nene. Kila nyumba imeandikwa humo vitu vyake vya umeme: pasi moja, friji moja, taa nne. Akaniuliza nimebeba nini chenye betri. Nikasema saa ya mkononi, ya kutia ufunguo. Akaandika.

Sikumwambia habari za raketi. Ni raketi ya kuulia mbu, ile ya kuchaji, yenye wavu wa waya. Unabofya, unapunga, paa! Mbu kwisha. Nimeiviringisha ndani ya blanketi. Si simu, si redio, sasa nimsumbue mtu wa watu kwa nini? Mimi na mbu tuna ugomvi wa tangu utotoni na hilo ni jambo langu binafsi.

Kwenye chakula dada alinipa habari kamili. Shemeji ni fundi wa mota zinazogeuza Sinia. Yuko kwenye majaribio, mwaka wa pili sasa. Jumamosi hii Daktari, yule mama mkuu wa kituo, anatia saini barua za ajira ya kudumu, na nyumba hii ya kituo inakwenda pamoja na barua. Ikikosekana barua, wanafungasha. Dada amehama nyumba saba katika miaka kumi ya ndoa. Akaniomba nisifanye kitu. Nikamuuliza kitu gani. Akasema chochote. Nikaapa mbele ya sahani.

Shemeji ni mtu wa maneno manne kwa siku. Leo ametumia matatu, yote kwangu: karibu, kaa, kula.

Chumba changu kiko karibu na tangi la maji. Saa moja na dakika kumi jioni mpaka saa moja na nusu: mbu kumi na mmoja. Naandika kila kitu, pamoja na dakika. Mtu asiye na kumbukumbu si mtu wa mipango.


Jumatatu, 4 Agosti

Sasa niseme ukweli, hapa tu. Sikuja kusalimia. Nilisikia kwamba jumba la wageni wa Sinia linatafuta msaidizi wa mtembeza wageni. Kofia ya bure, kijiti cha kuonyeshea, na watu kutoka kila pembe wanakusikiliza mdomo wazi. Kazi hiyo iliumbwa kwa ajili yangu.

Kizuizi ni kimoja: mtembeza wageni mwenyewe. Namwita Miwani. Ana miwani mizito, shingo ndefu, na tabia ya kungoja umalize kosa lako lote ndipo akurekebishe. Nilijiunga na kundi lake asubuhi. Mama mmoja akauliza mwanasayansi anachungulia wapi. Nikamjibu haraka, nionekane: juu kabisa, pana tundu. Miwani akafuta miwani yake. Akawaambia wageni kwamba huyu bwana ametoka kutufafanulia kibanda cha mlinzi wa geti. Wakacheka! Hata yule mama niliyemsaidia!

Nimemwandika. Watu kama hawa nawaandika.

Nikajaribu njia nyingine. Nilimwona Daktari akivuka uwanja peke yake, nikamsogelea, nikaanza kwa heshima na habari za goti langu linalouma nikipanda ngazi. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema yeye ni daktari wa nyota, goti hajasomea. Sasa hapo utamwombaje mtu kazi? Nikaaga.

Chakula cha mchana kilikuwa na mambo. Shemeji alizidisha maneno, dada akaweka kijiko chini. Jana jioni Sinia limenasa mipigo. Mifupi, mikali, mmoja mmoja. Kumi na moja kwa hesabu, baada ya saa moja. Daktari hajapata kuona kitu cha namna hiyo na tangu jana hajavua koti.

Mimi nikahisi mwili mzima ukisisimka. Wiki niliyokuja mimi, mbingu zinaongea! Hii si bahati tu.

Mpini wa raketi umelegea. Nimeukaza kwa mkanda wa gundi nilioukuta kwenye sanduku la vifaa la shemeji, wa kijani wenye mstari wa njano. Mkanda mzuri sana, unashika.

Mbu: kumi na tisa. Wa mwisho saa moja na dakika arobaini na mbili, mdogo, alikuwa amejificha nyuma ya pazia.


Jumanne, 5 Agosti

Siku ya kazi! Nimeanzisha ziara yangu mwenyewe. Nyuma ya shule pana kilima, ukisimama juu unaliona Sinia lote. Nilikaa njiani kabla kundi la Miwani halijafika, nikawageuza wageni sita. Nikawaambia kule mnaonyeshwa chuma, huku mtaelezwa siri.

Nikawaeleza kwamba nyota zinatuita. Nikatia chumvi kidogo. Nikasema zinaita kila jioni baada ya saa moja na mimi ni mmoja wa watu wachache wanaojua. Bwana mmoja alivua kofia. Mke wake akaniuliza zinasema nini. Nikafumba macho nikamwambia bado ni mapema kusema. Raha iliyoje!

Halafu Miwani akapanda kilima, anahema. Akatangaza mbele ya wote kwamba mimi ni shemejiye fundi na sina ruhusa ya kutembeza hata kuku. Wageni wangu wakashuka naye. Bwana wa kofia akaivaa tena.

Jioni shemeji akarudi na sura ya mtu aliyelala na viatu. Mipigo ya jana: kumi na minane. Daktari haamini tena kwamba ni nyota. Anasema nyota hazina saa ya kula. Kitu kinachoanza baada ya saa moja na kukoma kabla ya saa mbili, siku mbili mfululizo, kina saa ukutani. Ni kelele ya hapa hapa mjini. Kesho gari la kelele litazunguka nyumba kwa nyumba. Mwenye kelele atatafutwa, na akiwa mfanyakazi, atamwaga unga.

Dada aliuliza kwa sauti ya chini kama kwetu kuko safi. Shemeji akasema pasi moja, friji moja, taa nne. Wote wawili wakanigeukia. Nikawaambia mimi nina saa ya ufunguo, waulize getini.

Nilipokwenda chumbani nilikuwa na hasira na Miwani mpaka masikio yakawa moto. Kila mbu nilimpa shingo ndefu. Paa! Paa! Ishirini na sita! Sijapata kuua namna hiyo tangu nianze.


Jumatano, 6 Agosti

Leo nitaandika polepole.

Asubuhi gari la kelele likaja. Ni gari la dizeli, limebeba antena ya mabua ya chuma juu ya paa, inazunguka, inasimama, inazunguka. Lilipita mtaa wa maduka bila kusimama. Likaingia mtaa wetu, wenye nyumba sita za wafanyakazi. Hapo likaanza kutambaa. Likasimama mbele ya kila mlango. Wanawake walitoka na mikono yenye sabuni, wakasimama tu.

Wakaingia kwetu watu wawili na daftari la mlinzi. Wakagusa pasi. Wakagusa friji. Wakahesabu taa, nne. Wakaja chumbani kwangu. Nilikuwa nimelala juu ya godoro, na chini ya godoro ilikuwa raketi. Niliificha kwa mazoea tu, sikuwa na wazo lolote baya. Nikawaambia mgongo umekataa. Mmoja akainama akachungulia uvunguni. Uso wake ulikuwa shubiri moja na mguu wangu. Dada alisimama mlangoni, ameshika leso kwa mikono miwili. Wakaandika, wakaondoka. Walimwambia dada kwamba mchana hakuna kitu, kelele ni ya jioni, lakini mipigo ya jana imeonyesha upande huu, inatoka katika nyumba hizi sita. Hizi hizi sita.

Mchana shemeji akaja. Hakukaa. Alisema jana jioni ilikuwa ishirini na sita.

Ishirini na sita. Namba hiyo nimeiona wapi? Nikaenda chumbani, nikafungua kitabu hiki.

Kumi na mmoja, kumi na moja. Ishirini na sita, ishirini na sita.

Nywele zikanisimama. Wazo la kwanza, nakiri, lilikuwa kwamba nyota zinanihesabia mbu. Nilikaa na wazo hilo kama dakika mbili na lilikuwa tamu. La pili lilikuwa yule mbu wa nyuma ya pazia. Mimi kumi na tisa, wao kumi na minane, kwa hiyo hesabu hailingani, kwa hiyo si mimi! Nikapumua. Lakini moyo ukawa haukubali.

Nikaamua kufanya jaribio, kisayansi. Leo nimeua mmoja tu. Saa moja na nusu kamili. Wengine nimewaacha wanile. Wamenila.


Alhamisi, 7 Agosti

Mmoja. Jana jioni mpigo mmoja, saa moja na nusu kamili.

Shemeji alilisema hilo akiwa amesimama, chai haikuguswa. Daktari amesema anayefanya hivi sasa anafanya makusudi, anawachezea. Amesema nyumba sita ni chache na kesho atazipunguza. Shemeji akaongeza kwamba wale wengine watano wameshaajiriwa, wana barua zao. Anayeweza kuondolewa bila maelezo ni mmoja. Hapo akamaliza maneno ya wiki nzima, akaenda kazini.

Dada alilia. Hakulia mbele yangu, alilia jikoni, bomba likiwa wazi. Mimi nilijua. Nikainuka. Nasema kweli, niliinuka kwenda kumwambia. Nilifika hatua mbili kutoka mlango wa jikoni. Alikuwa amekaa chini na mkasi, anakata kitambaa cha pazia, cha samawati, kwa kipimo cha dirisha la jiko lile lile. Nyumba saba hajapata kushona pazia kwa kipimo cha dirisha. Siku zote alining'iniza kanga akisema tutaondoka tu. Alikuwa anafuta machozi kwa kiwiko na anaendelea kukata.

Nikarudi kinyumenyume. Ningemwambiaje? Angejikata vidole.

Na hapo, nikiwa nimekaa kitandani, mpango ukaja mzima mzima. Kelele si lazima itoke nyumba sita. Raketi ikikutwa mahali pengine, nyumba sita zinatakata. Na mahali pengine ni wapi? Kwenye kabati la Miwani! Shemeji anaokoka, dada anashona pazia lake, Miwani anajieleza, na kazi ya kutembeza wageni inabaki wazi. Mpango unaonufaisha watu watatu kati ya wanne ni mpango mzuri.

Saa tisa alasiri anatoka na kundi. Nikaingiza raketi ndani ya mwavuli, nikavuka mji mpaka jumba la wageni. Jua lilikuwa kali, hakuna wingu hata la dawa. Mama wa mlangoni akauliza mwavuli wa nini. Nikasema ngozi yangu ni laini. Akaitazama ngozi yangu. Nikapita.

Kabati liko nyuma ya meza yake. Ndani pana vipeperushi, sandali, na chanuo. Nikachomeka raketi nyuma ya vipeperushi. Mlango ukagoma kufunga. Nikasukuma kwa mkono, ukagoma. Nje nikasikia sauti ya Miwani, amerudi, mtoto wa mgeni anataka choo. Roho ikawa mkononi. Nikasukuma kwa nyonga, kwa nguvu zote, mlango ukaingia. Ndani pakasikika kitu chembamba, tiii. Sikukaa kusikiliza. Alipoingia alinikuta nasoma bango la sayari. Nikamwambia kazi nzuri. Akashtuka kuliko kama ningemtukana.

Mbu wa leo: sijui. Wamejaa. Nimejifunika blanketi mpaka kichwani nikisikiliza wanavyofurahi.


Ijumaa, 8 Agosti

Sinia limeziba masikio.

Tangu jana saa tisa na nusu mpaka leo asubuhi halijasikia nyota hata moja. Kelele tupu, mfululizo, bila kupumua. Jumba la wageni liko hatua mia moja tu kutoka kwenye Sinia! Na kile kitufe cha raketi, kumbe, kibao cha kabati kilikuwa kimekikandamiza. Watu wa gari hawakuhangaika, antena ilielekeza moja kwa moja. Saa tatu walifungua kabati, raketi ikawadondokea pamoja na chanuo.

Habari zilifika dukani dakika kumi baadaye na mimi nilikuwapo. Nilijitia hamnazo. Nikasema jamani, mtu mzima yule! Nikanunua mkate nikarudi nyumbani nikitembea kifua mbele. Nikamwambia dada ashone pazia lake kwa amani. Alinikumbatia. Akatia uzi kwenye sindano. Tulikuwa na saa mbili nzuri sana.

Saa sita mlinzi wa geti akaja na kikaratasi. Shemeji anatakiwa ofisini kwa Daktari. Sababu: mpini wa raketi umefungwa mkanda wa kijani wenye mstari wa njano, na mkanda huo hutumika mahali pamoja tu duniani hapa, kwenye nyaya za mota za Sinia. Wenye mkanda huo ni mafundi wawili. Mmoja yuko likizo.

Shemeji alirudi saa kumi. Alivua viatu, akavipanga vizuri sana ukutani. Akasema barua yake haitatiwa saini kesho. Akasema wanadhani aliogopa gari la kelele, akahamisha kitu chake amtupie mwenzake. Aliapa hajapata kuiona raketi ile, wakamwonyesha mkanda. Miwani alikuwapo. Shemeji alisema kilichomuuma si barua, ni vile Miwani alivyomtazama, kwa kuwa wamekuwa wakisalimiana kila asubuhi miaka miwili.

Dada alifungua droo, akaweka pazia ndani, na sindano bado imo, akafunga droo. Hakuuliza mtu kitu. Hilo ndilo lililoniogopesha.

Maji yamefika shingoni. Lakini nina mpango. Nitaandika barua bila jina, kwa mkono wa kushoto, nitasema raketi iliachwa na mgeni mmoja aliyevaa kofia, ameshaondoka, asitafutwe. Kuhusu mkanda nitasema aliuokota. Kesho asubuhi naitumbukiza mlangoni kwa Daktari. Nimeficha kitabu hiki chini ya mto. Hapa pekee ndipo penye ukweli.

Nimesoma. Kaoge, uvae shati safi, tunakwenda.


Jumamosi, 9 Agosti

Mstari wa mwisho hapo juu si wangu. Ni mwandiko wa dada. Niliukuta asubuhi, kitabu kipo wazi juu ya kiti na shati limenyooshwa pembeni. Nilioga. Ningefanya nini?

Alinishika kifundo cha mkono kutoka nyumbani mpaka ofisini kama ananipeleka siku ya kwanza shuleni. Watu walitazama.

Ofisini walikuwapo Daktari, shemeji, na Miwani. Dada akaweka kitabu mezani, akasema mume wake ni msafi na ushahidi ni huu. Daktari akavuta karatasi ndefu ya Sinia, yenye mistari midogo ya mipigo, akaanza kusoma. Kwa sauti! Mbu kumi na mmoja, akatia alama. Ishirini na sita, akatia alama. Mmoja, saa moja na nusu kamili, akatia alama. Akasoma kabati. Akasoma nyonga. Akasoma shingo ndefu, na Miwani akagusa shingo. Mimi nilikuwa nahesabu vigae vya sakafu.

Alipofika kumi na tisa alisimama. Sinia lilikuwa na kumi na minane. Akainua miwani ya kusomea, akaitafuta ile dakika ya arobaini na mbili kwenye karatasi, akaikuta. Kamstari kadogo mno, mashine ilikuwa imekaruka. Akasema kumbukumbu zangu ni sahihi kuliko zao. Nanukuu maneno hayo kwa kuwa yalisemwa mbele ya mashahidi watatu. Nimelishinda Sinia kwa mbu mmoja!

Sikupata nafasi ya kumkumbusha habari za ile kazi. Alisema niwe nje ya geti kabla ya saa sita na jina langu liandikwe daftarini ukurasa wa kwanza. Kisha akamwomba shemeji radhi, kwa kusimama. Akachukua kalamu akatia saini barua pale pale. Shemeji alishindwa kuipokea, mikono ilikuwa haimtii. Miwani ndiye aliyeipokea akamshikisha. Wale wawili walikumbatiana, nami nikapiga makofi. Hakuna aliyeniunga mkono.

Dada alinisindikiza getini. Alinipa mkate na mayai ya kuchemsha, bado ya moto. Akaniambia raketi amenisamehe, kabati atanisamehe, lakini lile la mlango wa jikoni bado. Akasema ulikuwa hatua mbili tu, wewe mtoto, hatua mbili, na ulikuwa unaniona nalia. Akaanza kulia tena, nami nikalia, mlinzi akajifanya anapanga simu. Nilimwambia nampenda. Akasema anajua, ndiyo shida yenyewe. Akaniomba nisirudi mpaka aniite.

Mlinzi alifungua blanketi langu, akalikung'uta mara mbili, akanipa simu yangu.


Jumatano, 13 Agosti

Niko mji wa jirani, nyumba ya wageni, chumba namba tisa. Mambo shwari. Leo dereva wa lori la dizeli ameniletea barua ya dada! Nilidhani atakaa mwaka bila kuandika.

Anasema pazia limeshaning'inizwa jikoni, ni la samawati, linafika chini barabara. Shemeji sasa anasema mpaka maneno saba. Miwani amekuja kula kwao. Mbu wamezidi tangu niondoke, wanajikuna wote, na jana saa moja jioni shemeji alimsikia mbu sikioni, akauma kijiko, akacheka peke yake mpaka akapaliwa. Mwisho ameandika kwamba hawana shida yoyote, nisilete kitu na nisitume kitu, na amelipigia mstari neno kitu mara mbili.

Nimeisoma barua hii mara tano. Maskini dada yangu! Ana haya ya kuomba, tangu utotoni. Mtu anakwambia mbu wamezidi, halafu anasema usitume kitu. Nani hamwelewi?

Duka la hapa lina raketi mpya. Nyavu tatu badala ya mmoja, na taa ya kuwavuta, inafanya kazi yenyewe hata kama hukuishika, unaitundika tu ukutani. Nimenunua. Najua mlinzi sasa anakung'uta mablanketi, mimi si mjinga. Nimeishona ndani ya mto wa kulalia, mto mzuri wenye maua, zawadi ya nyumba mpya. Dereva anaupeleka Ijumaa. Sikuweka maelezo, nataka washtukie wenyewe. Nimeichaji ikajaa, na nimeiacha imewashwa ili wasihangaike kutafuta kitufe.

Juu ya mto nimeshona jina la shemeji kwa herufi kubwa, lionekane vizuri, ajue sina kinyongo naye.

Mbu wa leo, chumba namba tisa: hakuna hata mmoja. Naona wote wako kwa dada.